Kukolea kwa Wimbo: Marudio na Usikilizaji katika Njia ya Misafara ya Tabora

Katika mwaka 1860 Richard Burton alichapisha kitabu chake juu ya nchi za maziwa ya Afrika ya Kati, na ndani yake alitia maneno machache juu ya muziki wa watu aliowaona baina ya pwani na Ujiji. Alisema kwamba watu hao ni hodari sana wa kushika mapigo, wala si dhaifu katika kuimba. Lakini aliwashutumu kwamba huridhika na sauti chache zisizobadilika, na kwamba mwimbaji hubuni maneno machache kisha huyarudia mpaka yakachafua moyo. Papo hapo alisema kwamba mvuvi huimba na kafi lake, mpagazi na mwendo wake, mwanamke na jiwe lake la kusagia, na kwamba usiku watu huketi katika duara wakirudia noti zile zile kwa saa nyingi, wala hamu yao haipungui.

Yafaa maneno hayo yasomwe kwa uangalifu, maana ndani yake wamo watu wa namna mbili. Yuko mmoja ambaye moyo wake umechafuka, na wako wengi ambao hamu yao haijapungua. Wimbo ni ule ule, usiku ni ule ule, na idadi ya marudio ni moja kwa wote. Marudio yaliyomkinaisha mgeni ndiyo yaliyowakolea wenyeji. Burton hakuuliza sababu ya tofauti hiyo. Aliichukua hali ya nafsi yake mwenyewe akaiandika kama sifa ya wimbo, na kutokana na sifa hiyo akatoa hukumu kwamba watu hao hawana uwezo wa kuendelea katika sanaa. Hukumu ya namna hiyo haikubaki katika kitabu kimoja. Imani kwamba muziki wa bara ni wa kujirudiarudia tu, na kwamba kurudia ni dalili ya umaskini wa fikra, ilikaa muda mrefu katika maandishi ya wageni, na hata leo haijatoweka kabisa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo matatu. La kwanza, marudio hayakuwa kasoro ya nyimbo za njia ya Tabora bali yalikuwa ndiyo kazi yake. La pili, Kiswahili kina maneno yanayotenga vizuri mambo ambayo wasafiri waliyachanganya. La tatu, tangu njia ya miguu ilipoipisha reli, na baada ya reli zikaja santuri na redio, jambo lililobadilika zaidi ni mtu mwenye kuamua wimbo urudiwe mara ngapi.

Njia na Mwendo Wake

Njia ya kati ilianzia Bagamoyo na bandari ndogo za jirani yake, ikapita Mpwapwa na nyika ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, ambako ndiko ulikokua mji wa Tabora, uliotajwa na Burton kwa jina la Kazeh. Kutoka hapo iliendelea magharibi mpaka Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Urefu wake wote ulikuwa takriban kilomita 1,200. Burton na mwenzake Speke waliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba, nao walihesabu siku 134 njiani. Henry Stanley, aliyekwenda kwa haraka katika mwaka 1871, alitumia miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe.

Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Kwao safari ya pwani ilikuwa biashara, na tena ilikuwa kipimo cha kijana aliyekwisha kuwa mtu mzima. Wanawake nao walisafiri, wakichukua vyungu, chakula na watoto. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, amejipamba kwa ngozi na manyoya, na pamoja naye ilikwenda ngoma. Baragumu la pembe lilipigwa wakati wa kuondoka na wakati wa kukaribia kijiji. Neno hili la kirangozi limepungua sana katika Kiswahili cha leo, na mahali pake pamechukuliwa na neno kiongozi. Lakini katika safari kirangozi aliongoza miguu, na aghalabu aliongoza sauti pia: yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na mstari mzima ukaitikia.

Ili kiasi cha marudio kifahamike, yatosha kufanya hesabu ndogo. Tuseme katika siku 134 za Burton msafara ulitembea nusu tu ya siku hizo, na nusu nyingine ulipumzika, ulingoja, au ulibishana juu ya hongo. Tuseme tena kiitikio kimoja kiliimbwa mara 50 tu katika siku ya mwendo, nayo ni hesabu ndogo kwa watu watembeao saa nyingi. Hata hivyo mpagazi mmoja angekwisha kukiitikia kiitikio hicho zaidi ya mara 3,300 kabla ya kufika Kazeh. Hapana shaka kwamba hakuna mhudhuriaji wa tamasha wa zama zile, katika mji wowote wa Ulaya, aliyepata kusikia wimbo mmoja mara nyingi hivyo katika miezi minne.

Kwa nini basi wapagazi hawakuchoka? Habari za wasafiri wenyewe zatoa jibu, ingawa wao hawakulitafuta. Kwanza, kilichorudiwa ni kiitikio, ilhali maneno ya mwimbishaji yalibadilika kila siku. Aliimba habari za njaa na maji, za hongo iliyotakiwa na machifu wa Ugogo, za nyumbani, za chakula kitakachopatikana mbele, na za Mzungu mwenyewe aliyekuwa akitembea katikati yao. Mgeni asiyejua lugha alisikia sauti zile zile tu. Mwenye lugha alisikia habari mpya juu ya msingi wa zamani. Pili, wimbo haukusikiwa na mtu aliyeketi. Uliingia mwilini pamoja na mzigo na hatua, na kila aliyeusikia alikuwa na sehemu yake ya kuimba. Tatu, wimbo ulikuwa na mahali pake: upo wa kuondokea, upo wa kuingilia kijijini, na upo wa usiku kambini.

Jambo la mwisho laonekana vizuri katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1872. Alipokuwa karibu kuondoka Kwihara, jirani na Tabora, mwezi Machi wa mwaka huo, watu wake walicheza ngoma ya kuagana, na baada ya ngoma wakaketi wakaimba kwa mwendo wa taratibu. Stanley aliandika maneno ya mwimbishaji na ya kiitikio mbalimbali, kila moja mahali pake. Wakati huo alikuwa amekwisha kukaa na sauti za namna hiyo kwa mwaka mzima. Aliyeandika hivyo alikuwa mtu aliyekwisha kutambua kwamba wimbo una sehemu mbili, moja yenye kukaa na moja yenye kwenda. Na utambuzi huo haupatikani siku ya kwanza.

Maneno ya Kiswahili juu ya Jambo Hili

Lugha ya Kiswahili imelishughulikia jambo hili kwa njia yake yenyewe, na yapasa maneno yake yachunguzwe kabla ya kuazima istilahi za elimu nyingine.

Kitenzi cha kwanza ni kuzoea. Mtendaji wake ni mtu: mtu amezoea wimbo, sikio limeuzoea. Kitenzi hiki hakisemi kwamba mtu ameupenda. Chasema kwamba ugeni umeondoka. Mithali isemayo mazoea yana taabu yaonyesha kwamba Waswahili hawakudhani kila lililozoewa ni jema.

Kitenzi cha pili ni kukolea. Hapa mtendaji si mtu bali ni kitu chenyewe. Chumvi hukolea katika mchuzi, rangi hukolea katika nguo, na ngoma hukolea uwanjani. Katika mifano hiyo mitatu kitu hakiwi kingine. Ni kile kile, lakini kimefika pale kinapofanya kazi yake sawasawa, na hapana njia ya kufika hapo ila kwa muda. Mchuzi uliotiwa chumvi sasa hivi haujakolea, hata kama chumvi imetosha. Vivyo hivyo ngoma iliyoanza sasa hivi haijakolea, hata kama wapigaji ni mafundi. Karibu na neno hili liko kunoga, ambalo nalo hutumika kwa chakula na kwa ngoma.

Kitenzi cha tatu ni kukinai, chenye asili ya Kiarabu, ambacho maana yake ya kwanza ni kutosheka. Mtu aliyekinai amepata kadiri yake, na kinachozidi hapo humkinaisha, yaani humtia kichefuchefu. Hili ndilo neno lifaalo hasa kwa hali ya Burton. Na cha nne ni kuchuja, ambacho husemwa juu ya wimbo uliokuwa ukipendwa na sasa umekwisha nguvu, kama nguo iliyopoteza rangi. Mithali nayo imelisema: ngoma ivumayo haidumu.

Ukiyapanga maneno hayo, utaona kwamba yanatenga pande mbili. Kuzoea na kukinai ni mabadiliko ya mtu. Kukolea na kuchuja ni mabadiliko yanayosemwa juu ya wimbo. Msemaji wa Kiswahili hawezi kutaja marudio bila ya kuchagua upande. Burton alipatwa na kukinai, naye akaandika kana kwamba wimbo umechuja. Na kosa hilo, mtu angelieleza kwa Kiswahili, lingeonekana mara moja.

Liko na neno la tano, ambalo historia yake inahusu njia yenyewe. Kitenzi kupagaa maana yake ni kuchukua mzigo begani, na kutoka kwake limepatikana neno mpagazi. Lakini kitenzi hicho hicho husemwa juu ya pepo: pepo humpagaa mtu, na mtu akawa amepagawa. Katika Kiswahili cha leo watu hupagawa kwa muziki pia. Husemwa kwamba bendi imewapagawisha wachezaji. Shina moja, basi, lamtaja mtu anayechukua mzigo na mtu ambaye mwenyewe amechukuliwa. Si lazima kudai kwamba matumizi ya pili yalizaliwa njiani baina ya Bagamoyo na Tabora. Yatosha kuona kwamba lugha haikuyatenga mambo ambayo mpagazi mwenyewe hakuyatenga: mzigo uliokuwa juu yake, na wimbo uliokuwa ndani yake.

Mwisho yafaa kutazama neno kiitikio. Limetokana na kuitikia, na kuitikia kumetokana na kuitika, yaani kujibu mtu aitwapo. Katika msafara hakuwako msikilizaji kwa maana ya leo, mtu aliyekaa kando akapokea sauti bila ya kutoa yake. Alikuwako mwitikiaji. Mgeni tu ndiye aliyekuwa msikilizaji mtupu, naye ndiye aliyekinai. Baina ya mambo hayo mawili upo uhusiano ambao majaribio ya kisayansi yaliyokuja baadaye yanausaidia.

Nta ya Berlin

Katika mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, alisafiri kusini ya Tanganyika, upande wa Lindi na Uwanda wa Makonde, akiwa na chombo cha kunasia sauti kwa silinda za nta. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, na kiongozi wao aliitwa Pesa Mbili. Weule alizinasa nyimbo zao, na habari zake zimo katika kitabu alichokitoa mwaka 1908. Hivyo sauti za Unyamwezi zilinaswa mbali sana na Tabora, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi wa jinsi wapagazi walivyozichukua nyimbo zao kokote walikokwenda.

Mwaka uliofuata kitabu hicho, yaani 1909, Erich von Hornbostel alichapisha katika jarida la Anthropos uchunguzi mrefu juu ya nyimbo za Wanyamwezi. Hornbostel alikuwa msimamizi wa hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa na Carl Stumpf katika mwaka 1900 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Kwa ajili ya kuandika noti, mtafiti wa namna yake hukaa na silinda moja akaisikiliza tena na tena mpaka kila sauti imepata mahali pake. Kwa hiyo mtaalamu huyo, katika chumba cha Berlin, alikuwa akifanya jambo linalofanana na la mpagazi: alikuwa akirudia.

Lakini hapa yapasa kutenga marudio ya namna mbili. Mpagazi aliusikia wimbo mmoja mara elfu, lakini hakusikia kuimbwa kumoja mara mbili. Kila mara sauti ilikuwa mpya, hewa ilikuwa nyingine, na maneno ya mwimbishaji yalikuwa ya siku hiyo. Mtaalamu wa Berlin alisikia kuimbwa kumoja mara nyingi, kikohozi kile kile, kosa lile lile, pumzi ile ile. Mpagazi alirudia wimbo. Mtaalamu alirudia tukio. Tena silinda ilichukua dakika mbili au tatu tu, ilhali wimbo wenyewe uliweza kuendelea kwa saa nzima. Kwa sababu hiyo kilichobaki katika nta ni mwanzo wa wimbo, yaani sehemu ambayo, kwa lugha ya Waswahili, ngoma bado haijakolea.

Iko na tofauti nyingine. Nta huliwa na sindano kila inapopigwa, na sauti yake hufifia. Ndiyo maana Berlin ilitengeneza kalibu za shaba ili nakala mpya zipatikane. Wimbo uliomo kinywani hauna hasara hiyo. Marudio ambayo huiharibu nta ndiyo yanayouhifadhi wimbo, maana wimbo wa mdomo usiporudiwa hufa.

Majaribio ya Elimu ya Nafsi

Swali la jinsi marudio yanavyoleta mapenzi liliingia katika maabara mapema. Katika mwaka 1903 Max Meyer, mtaalamu aliyefundisha Marekani, alitoa habari za wanafunzi waliopigiwa muziki wa mizani ya ngazi za sauti wasizozizoea, mara 12 hadi 15 mfululizo. Wengi waliupenda zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Katika mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kwa maneno, alama na picha za nyuso kwamba kukutana na kitu mara nyingi, bila ya faida wala malipo yoyote, huongeza kupendwa kwake. Wakati ule ule wa mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 Daniel Berlyne alieleza kwamba upendo huo hupanda mpaka kilele kisha hushuka, na kwamba kitu chenye mambo mengi ndani yake huchelewa kushuka kuliko kitu sahili.

Haya yanapatana na maneno yaliyokwisha kuchunguzwa: kuzoea huja kwanza, kukolea huja katikati, na kukinai huja mwisho. Lakini nyimbo za njia zauliza swali ambalo maabara haikuliuliza. Marudio ya Meyer hayakuzidi 15. Ya mpagazi yalikuwa maelfu, nayo hayakuleta kukinai. Jibu haliwezi kuwa wingi wa mambo katika sauti, maana Burton mwenyewe alishuhudia kwamba sauti zilikuwa chache. Wingi ulikuwa katika maneno, katika mwili, na katika kuitikia. Aliyehesabu noti peke yake alihesabu sehemu iliyo chache kuliko zote.

Elizabeth Margulis, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya marudio katika muziki, amelieleza jambo hili kwa namna inayofaa hapa: marudio humfanya msikilizaji atangulie mbele ya sauti kwa akili yake, akawa kama anashiriki kuimba. Ikiwa ni hivyo, basi msafara ulifanya wazi lile ambalo msikilizaji wa leo hulifanya kimya.

Uchunguzi mwingine unawahusu hasa wanafunzi wa lugha. Katika mwaka 1995 Diana Deutsch aligundua kwamba maneno ya kusemwa, yakirudiwa mara nyingi bila ya kubadilishwa hata kidogo, huanza kusikika kama yanaimbwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba hali hiyo huwapata kwa uchache zaidi wasemaji wa lugha za toni. Kinyamwezi ni lugha ya toni, na Kiswahili kimeiacha toni na kutumia mkazo. Katika njia ya Tabora wasemaji wa lugha hizo mbili walitembea pamoja na kuitikia pamoja. Yafaa watafiti wa fonetiki walijaribu jambo hili Tabora penyewe, ambapo vijana wengi wanazijua lugha zote mbili, kuona kama kiitikio kimoja humgeukia msemaji kuwa wimbo kwa upesi ule ule katika kila lugha yake.

Reli, Santuri na Redio

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na kazi ya mpagazi katika njia hiyo ikakoma. Nyimbo hazikukoma mara moja. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 juu ya nyimbo za kazi za magharibi ya Tanzania, ameonyesha jinsi mila ya uimbaji wa wapagazi ilivyohusiana na ile ya vyama vya wakulima, ambamo jembe lilichukua mahali pa mguu. Kwa majirani wa Usukuma mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalitaka nyimbo mpya kila msimu, na mtungaji aliyeleta wimbo uliochuja aliwakosesha wenzake watazamaji. Huko, basi, kukinai kulijulikana, na dawa yake ilikuwa kutunga.

Kwa reli ile ile zilifika santuri. Katika mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, na kutoka wakati huo sahani za Kiswahili zikaanza kuuzwa kwa wingi. Upande mmoja wa sahani ulichukua kama dakika tatu, na kila ulipopigwa sauti ilikuwa ile ile. Marudio ya Berlin, yaliyokuwa kazi ya mtaalamu mmoja, yakawa starehe ya watu wa mjini. Sasa mwenye kuamua wimbo urudiwe alikuwa mwenye santuri, na waliobaki walikuwa wasikilizaji. Neno lenyewe, msikilizaji, ndipo lilipopata uzito wake wa leo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zilienea sahani za Kongo zenye nyimbo za Kilingala. Watu wengi wa Tabora na Kigoma hawakuijua lugha hiyo, lakini nyimbo zake walizipenda na kuziimba. Jambo hilo lingewastaajabisha waliodhani kwamba wimbo hupendwa kwa maana ya maneno yake. Katika marudio sauti za lugha ngeni huzoewa kwanza kama sauti. Kisha msikilizaji huzikata mahali anapodhani neno linaanza na kwisha, na mara nyingi huweka neno la lugha yake palipo na neno asilolijua. Mwenye kuchunguza namna lugha zinavyokopeshana yafaa aanzie hapo, maana neno la wimbo huingia sikioni miaka mingi kabla ya maana yake kuulizwa.

Tabora yenyewe ikawa mji wa bendi. Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz zilijulikana nchi nzima, na Tabora Jazz iliutambulisha mtindo wake kwa jina la Segere Matata. Wimbo wao Dada Asha, wa Shem Karenga, unapigwa mpaka leo. Katika muziki wa dansi wa wakati huo wimbo aghalabu ulikuwa na sehemu mbili: ya kwanza yenye masimulizi, na ya pili, iitwayo chemko, ambamo magitaa hurudia vifungu vifupi na waimbaji huitikia. Neno chemko lenyewe ni ndugu wa kukolea: maji hayachemki yanapotiwa motoni, huchemka yakikaa. Ni dhahiri kwamba umbo la kiitikio cha njia lilikuwa limepata makao mapya, na wachezaji waliokuja dansini walirudi kuwa waitikiaji.

Redio ilileta mpango mwingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Bendi za Tabora zilisafiri kwenda Dar es Salaam kurekodi katika studio za redio, na hapo kamati ilipima maneno ya nyimbo kabla ya kuzitangaza. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani. Sahani zilitengenezwa Kenya, na mpaka ulifungwa mwaka 1977. Kwa hiyo nyimbo nyingi hazikupatikana ila katika kanda za redio. Msikilizaji wa Tabora aliyetaka kuusikia wimbo wa bendi ya mji wake alingoja utangazwe kutoka mbali, au alituma ombi lake kwa barua. Wimbo uliopigwa mara nyingi ulikolea nchi nzima. Uliopigwa mara moja ukasahauliwa, hata kama ulikuwa bora. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na mikono ikawa mingi, lakini kanuni haikubadilika: mwenye njia ya kurudia ndiye mwenye kuwapatia watu nafasi ya kupenda. Leo simu ya mkononi imemrudishia mtu mmoja mmoja uwezo wa kurudia atakavyo, lakini tukio ni lile lile lisilobadilika, na mwitikiaji ni mmoja.

Hitimisho

Kutokana na haya yafuata mambo ambayo mchunguzi wa fasihi simulizi hawezi kuyapuuza. Kwanza, kila hukumu juu ya wimbo itajwe pamoja na mahali msikilizaji aliposimama: aliusikia mara ngapi, alijua lugha yake au hakuijua, na alikuwa na sehemu ya kuitikia au hakuwa nayo. Hukumu ya Burton bado ina thamani kama ushahidi, lakini ni ushahidi wa msikilizaji asiyejua maneno na asiyeitikia, baada ya siku 134 za homa na uchovu. Pili, nyimbo zilizonaswa katika silinda, sahani na kanda fupi zisihesabiwe kuwa ni wimbo mzima. Ni mlango wake tu. Panapowezekana, nakala za nta na za kanda zirudishwe Tabora, zisikilizwe na wazee na vijana pamoja, si mara moja bali mara nyingi, na iandikwe siku ambayo wasikilizaji wameacha kusikiliza wakaanza kuitikia.

Tatu, na hili ndilo la haraka zaidi, nyimbo ambazo hakuna anayezirudia tena zihesabiwe kuwa zimo hatarini, hata kama zimehifadhiwa vizuri katika sanduku. Mpagazi wa mwisho wa njia ya kati amekwisha kufa. Kanda za bendi za Tabora nazo huchakaa, na wanaokumbuka viitikio vyake wanazidi kupungua. Hifadhi isiyopigwa ni kama chumvi iliyomo mtungini: haijaharibika, lakini mchuzi wa nyumba hiyo utaliwa baridi na bila ladha.